Dunlop: Daktari wa mifugo aliyetia upepo gurudumuni

MKAZI wa Matasia mwenye gari ambalo injini yake husukuma magurudumu yote manne hukutana na barabara tatu kabla ya saa sita mchana. Hutoka kwake kwa njia ya udongo mweusi, ule ambao mvua ikinyesha hunata kwenye magurudumu na kuteleza kama sabuni. Halafu huingia kwenye lami itokayo Ngong kwenda Kiserian, ambako magari ya abiria hayamngoji mtu. Na ikiwa siku hiyo ana mifugo wa kukagua ng’ambo ya Kona Baridi, kwenye mteremko wa kuelekea Magadi, basi humngoja mawe makali na miiba ya migunga.

Mkazi huyo anaposimama mbele ya duka la matairi huwa na swali moja tu: nichukue lipi? Muuzaji humwonyesha lenye meno makubwa ya kutisha, lenye meno madogo ya lami, na lile la katikati. Bei hutofautiana, na maneno ya muuzaji huwa mengi.

Swali hilo lina historia ndefu. Mtu aliyelifanya liwezekane hakuwa mhandisi wala mfanyabiashara wa magari. Alikuwa daktari wa mifugo, mtu ambaye wafugaji wa Kajiado wangemwelewa upesi kuliko walivyomwelewa matajiri wa London. Jina lake John Boyd Dunlop, na ni zaidi ya miaka 100 sasa tangu aage dunia. Maisha yake yana funzo ambalo duka la matairi halitoi, nalo ni kwamba tairi huchaguliwa kwa kutazama kwanza njia na anayesafiri, halafu ndipo kitu chenyewe.

Mtoto wa mkulima

Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari, 1840 katika kijiji cha Dreghorn, huko Ayrshire nchini Scotland, katika familia ya wakulima. Alisomea utabibu wa mifugo mjini Edinburgh, akahitimu akiwa kijana wa miaka 19. Alifanya kazi kwao kwa takriban miaka minane, kisha mwaka wa 1867 akavuka bahari hadi Ireland. Hatimaye aliweka makao katika mji wa Belfast, ambako shughuli zake za kutibu mifugo zilikua hadi zikawa miongoni mwa kubwa zaidi nchini humo.

Enzi hizo farasi ndiye aliyekuwa lori, basi na teksi. Daktari wa mifugo katika mji wa viwanda na bandari hakukosa kazi. Aliona kwato zilizopasuka na miguu iliyovimba kwa kukanyaga mawe kutwa kucha. Yeye mwenyewe alisafiri sana kwa kigari cha kukokotwa na farasi, akizuru wateja mashambani na mjini, akirushwa huku na kule juu ya magurudumu yaliyovikwa chuma. Kwa mtu wa namna hiyo, ubaya wa barabara haukuwa habari ya kusimuliwa. Aliuhisi mgongoni mwake kila siku.

Mitaa ya Belfast ilitandikwa mawe, na juu yake zilipita reli za tramu. Baiskeli za wakati huo zilikuwa na magurudumu ya chuma au yaliyozungushiwa mpira mgumu usio na uwazi ndani. Mpira huo ulipunguza kelele kidogo, lakini kila jiwe liliendelea kumfikia mwendeshaji.

Jaribio uani

Mwaka wa 1887 mwanawe wa kiume, ambaye alikuwa na umri wa miaka kama tisa, alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu. Mtoto huyo alipata taabu kuiendesha juu ya mawe ya mtaani. Baba akaanza kuwaza namna ya kuifanya iende kwa wepesi na bila kumtikisa.

Dunlop alikuwa na mazoea ya kushughulika na mpira kwa sababu ya vifaa vya kazi yake. Alichukua karatasi nyembamba ya mpira, akaigundisha ikawa mrija, akauzungusha kwenye duara la mbao, akaufunika kwa kitambaa na kuujaza upepo kwa pampu ya kujazia mpira wa miguu. Kisha akafanya jambo ambalo wauzaji wengi wa leo hawalifanyi. Alijaribu.

Aliliviringisha uani gurudumu la chuma la baiskeli ya mwanawe, likaenda kiasi, likayumba na kuanguka. Aliporusha lile la upepo kwa nguvu zile zile, lilivuka ua wote, likagonga nguzo ya lango na kurudi nyuma. Hapo akajua amepata kitu.

Maelezo yake si magumu. Gurudumu gumu linapokutana na kijiwe hulazimika kuinuka lote, pamoja na mzigo ulio juu yake, na kila kuinuka ni nguvu iliyopotea. Gurudumu la upepo humeza kile kijiwe. Mpira hubonyea pale tu palipo na jiwe, upepo uliomo ndani hujigawa, na mzigo huendelea na safari kana kwamba hakuna kilichotokea. Kinachobeba mzigo ni upepo uliobanwa. Mpira na kitambaa ni nguo tu ya kuuzuia upepo huo usitoroke na kuulinda dhidi ya miiba.

Katika Kiswahili tumelijua hilo bila kufundishwa. Dereva wa Kajiado anapopita kwa fundi wa pancha haombi hewa. Huomba upepo.

Ushindi wa viwanjani

Tarehe 7 Desemba, 1888, Dunlop alipewa hataza ya uvumbuzi wake. Watu wengi walicheka walipoyaona magurudumu hayo manene, wakiyafananisha na vitu vya mzaha. Kicheko kilikoma tarehe 18 Mei, 1889, pale mwendesha baiskeli wa Belfast, Willie Hume, aliposhiriki mashindano katika viwanja vya Chuo cha Queen’s akiwa amepanda baiskeli yenye matairi ya upepo. Hume hakuwa bingwa anayeogopwa, lakini siku hiyo alishinda mbio zote alizoingia. Baadaye alivuka kwenda Liverpool na kushinda tena.

Miongoni mwa walioshindwa walikuwamo wana wa Harvey du Cros, mfanyabiashara wa Dublin aliyekuwa kiongozi wa waendesha baiskeli nchini Ireland. Baba yao hakukasirika. Aliona biashara. Mwaka huo wa 1889 akaanzisha kampuni mjini Dublin ya kutengeneza matairi hayo, na Dunlop akaungana naye.

Hapo hadithi ingeweza kuishia kwa raha na mali. Haikuwa hivyo.

Pigo la mwaka 1890

Mwaka wa 1890 Dunlop alijulishwa kwamba hataza yake haina nguvu. Mskochi mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa amesajili wazo hilo hilo mwaka wa 1845, wakati Dunlop alikuwa mtoto wa miaka mitano. Thomson aliyavika magurudumu ya magari ya farasi mirija yenye upepo iliyofunikwa kwa ngozi, na akayaonyesha mjini London. Lakini baiskeli za kisasa hazikuwapo, mpira ulikuwa ghali na soko halikutokea. Thomson alifariki mwaka wa 1873 huku uvumbuzi wake ukiwa umesahauliwa.

Dunlop hakuwa amemwibia mtu. Alilifikia wazo kwa njia yake mwenyewe, bila kujua kuna aliyetangulia. Hata hivyo sheria haitazami nia. Kampuni ilijikuta haina ukuta wa kuizuia dunia nzima isiige.

Ilichookoka nacho ni kununua akili za watu wengine. Tairi la kwanza la Dunlop lilikuwa na kasoro kubwa. Lilibandikwa kwenye rimu kwa gundi na kitambaa, kwa hivyo kuziba pancha ilikuwa kazi ya saa nyingi. Mwaka huo huo wa 1890, Charles Kingston Welch alisajili njia ya kulishikiza tairi kwenye rimu kwa waya zilizotiwa kingoni mwake, na William Erskine Bartlett akasajili njia nyingine ya kingo zinazojikita ndani ya rimu. Kampuni ilinunua haki za wote wawili. Waya ule wa Welch ungali kwenye kingo za matairi tunayoyanunua leo.

Nchini Ufaransa, ndugu wa Michelin nao walisukumwa na taabu ile ile. Baada ya kuhangaika kurekebisha tairi la Dunlop lililoletwa katika karakana yao ya Clermont-Ferrand, walibuni tairi la baiskeli linalovulika upesi, wakalisajili mwaka wa 1891. Mwaka wa 1895 walilifikisha tairi la upepo kwenye motokaa, katika mashindano ya kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi. Walipata pancha nyingi njiani, lakini walifika.

Utajiri uliompita

Mwaka wa 1896 du Cros aliiuza kampuni kwa mfanyabiashara aitwaye Ernest Terah Hooley kwa pauni milioni 3. Hooley akaiuza tena kwa umma kwa pauni milioni 5. Zilikuwa fedha za kutisha katika enzi hizo. Dunlop hakuwa tena kwenye meza hiyo. Alikuwa amejiondoa kabla ya mauzo hayo makubwa, na ingawa hakufa maskini, sehemu aliyoipata ilikuwa ndogo sana ikilinganishwa na mali iliyozalishwa kwa jina lake.

Alikuwa amehamia Dublin, akaishi maisha ya utulivu, akijihusisha na duka la nguo la mjini humo. Alifariki nyumbani kwake tarehe 23 Oktoba, 1921, akiwa na umri wa miaka 81. Masimulizi yake kuhusu historia ya tairi la upepo yalichapishwa baada ya kifo chake. Huko Ireland Kaskazini sura yake yenye ndevu ndefu iliwekwa kwenye noti ya pauni 10 ya benki moja ya huko. Kampuni iliyobeba jina lake nayo ilinunuliwa na wengine mwaka wa 1985, na jina la Dunlop likagawanywa baina ya wamiliki mbalimbali.

Damu ya mpira

Ipo sehemu ya hadithi hii ambayo Mwafrika hawezi kuiruka. Tairi la upepo liliifanya dunia iwe na njaa ya mpira, na mpira haukutoka Belfast.

Neno lenyewe mpira lilikuwapo katika pwani yetu kabla ya tairi. Lilikuwa jina la mtambaa wa mwituni ambao utomvu wake ulikusanywa na kuuzwa Zanzibar. Mitambaa ya namna hiyo ilijaa katika misitu ya Kongo, ambayo tangu mwaka wa 1885 ilikuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Baiskeli zilipoongezeka Ulaya katika miaka ya 1890, na motokaa zikafuata, bei ya mpira ilipanda. Wanakijiji wa Kongo walilazimishwa kuingia msituni kukusanya utomvu kwa kiwango kilichowekwa. Walioshindwa kutimiza walichapwa, wake zao wakashikwa mateka, vijiji vikachomwa, na watu wakakatwa mikono.

Aliyeandika ripoti iliyoitikisa dunia kuhusu unyama huo, mwaka wa 1904, alikuwa Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza huko Kongo. Casement alizaliwa karibu na Dublin, mji ule ule ambako kampuni ya matairi ilianzishwa. Mwaka wa 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji.

Dunlop hakuagiza mtu akatwe mkono, na hakuna haki kumbebesha dhambi za Leopold. Alitaka tu mwanawe asitikiswe na mawe. Lakini kitu kikitoka uani kikaingia sokoni, mwenyewe huwa hakimiliki tena. Tanganyika nayo ilionja shubiri ya soko hilo. Wajerumani walipanda mashamba ya mpira katika eneo la Tanga, kisha mwaka wa 1913 bei ikaporomoka kwa ushindani wa mashamba ya Asia, na mashamba hayo yakaanguka.

Turudi Matasia

Je, daktari huyu wa mifugo angemwambia nini mkazi wa Matasia aliyesimama dukani? Kwa kufuata alivyofanya kazi, tunaweza kukisia kwamba angeanza kwa kumuuliza anakokwenda.

Matairi ya gari la aina hii yamegawanyika katika makundi matatu, na herufi zilizochapwa ubavuni husaidia kuyatambua. Yenye H/T ni ya lami. Meno yake ni madogo na yamekaribiana, hayapigi kelele, hushika breki vizuri kwenye lami iliyolowa na hayali mafuta mengi. Yenye M/T ni ya matope. Meno yake ni makubwa na yameachana ili udongo upate kutoka, na mbavu zake kwa kawaida ni nene zaidi. Lakini kwenye lami hunguruma, huongeza matumizi ya mafuta, huisha upesi, na mvua ikinyesha breki zake huchelewa kushika. Yenye A/T ni ya katikati.

Mtu ambaye kila siku huenda Nairobi na kurudi, na ambaye njia yake mbaya ni nusu kilomita ya kutoka langoni, hana sababu ya kununua M/T kwa ajili ya kupendeza macho ya majirani. Akifanya hivyo atapata hasara mara tano kwa wiki ili afaidike mara mbili kwa mwaka. Huyo humfaa H/T nzuri au A/T yenye meno ya wastani. Anayeshinda kwenye njia za mifugo kusini mwa Kiserian, penye mawe na miiba, A/T yenye mbavu imara ndiyo rafiki yake, kwa kuwa jiwe kali hupasua ubavu, na pancha ya ubavuni haizibiki kwa usalama. M/T ni ya yule ambaye kazi yake yenyewe imo ndani ya matope wiki baada ya wiki.

Baada ya aina, atazame nambari. Ukubwa uwe ule ulioelekezwa na watengenezaji wa gari, na uwezo wa kubeba mzigo usipungue. Ubavuni kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi laweza kuonekana jipya kwa meno ilhali mpira wake umezeeka na kuanza kupasuka. Ukaguzi huu una maana zaidi tangu kiwanda cha Nairobi kilichotengeneza matairi ya Yana kiliposimamisha uzalishaji mwaka wa 2016, kwa kuwa tairi linalofika dukani kutoka mbali laweza kuwa limekaa sana njiani na ghalani.

Matairi yote manne yawe ya kipimo kimoja na yamelika kwa kiasi kinachokaribiana, hasa katika gari ambalo magurudumu yote huendeshwa wakati wote. Tofauti ya mzunguko kati ya mbele na nyuma huzisumbua difu na giaboksi, na gharama yake hushinda bei ya tairi. Spea nayo isisahauliwe. Spea ya ukubwa tofauti haifai kutumiwa kwa mwendo mrefu.

Mwisho wa yote ni upepo, na hapa ndipo maisha yanapopotea. Tairi lisilo na upepo wa kutosha hubonyea mno kwa kila mzunguko, na kule kubonyea huzaa joto. Kwenye mwendo wa kasi, gari likiwa limejaa watu na mizigo, joto hilo hulipasua. Dereva aliyepunguza upepo ili ajinasue kwenye udongo mweusi amefanya vyema, kwani tairi likilegea hutandika mguu mpana na kushika zaidi. Kosa lake ni kupanda lami akiwa katika hali hiyo hiyo. Aende polepole hadi kwa fundi wa pancha au kituo cha mafuta, ajaze kufikia kipimo kilichoandikwa karibu na mlango wa dereva, ndipo aendelee. Na kipimo kichukuliwe asubuhi, matairi yakiwa bado baridi.

Kuna watu Kajiado wanaolipa fedha nyingi kwa tairi la sifa, kisha wakakaa miezi mitatu bila kulipima upepo. Hao wamenunua nguo wakasahau mwili. Dunlop alianza na mwili. Alimtazama mtoto mmoja akitaabika juu ya mawe ya mtaa mmoja, akatafuta kinachoweza kumbeba. Mzazi wa Matasia anayewapakia wanawe garini kila asubuhi hahitaji kuvumbua chochote. Kazi yake ni dakika tano na kifaa cha kupimia upepo, kabla ya kufungua lango.